Kona, baraza na mtaro

Swali lenu la wiki hii ni kama barabara za mji wetu zinakutanisha watu au zinawatenganisha. Mimi ni fundi cherehani mjini Jinja, Uganda, na jibu naliona kila siku kwenye miguu ya wapita njia.

Katikati ya mji mitaa yetu ilipimwa ikanyooka na kukatana, kwa hiyo hutembei sana kabla ya kufika kona. Nami nipo konani: atokaye sokoni na ashukaye taksi wote hupita mbele ya cherehani yangu. Halafu kuna baraza. Maduka ya zamani ya Main Street, yaliyojengwa na Wahindi, yana paa lililotokeza mbele likakalia nguzo. Wenyewe walifukuzwa mwaka 1972, baraza zikabaki. Mvua ya alasiri ikishuka, watu ishirini hujibanza hapo, na hakuna aliyekuja kununua. Lakini mama mmoja atashika kitenge kilichotundikwa, aulize bei, na aliyesimama karibu naye, asiyemjua, amwambie rangi ile haichuji. Mvua ikikatika nimeshampima kiuno. Mazungumzo ni ya Kiswahili, maana huyu katoka Walukuba, yule Busia, yule Arua.

Mtaani ninakolala mambo ni mengine. Barabara ilipanuliwa, tukashangilia kuagana na vumbi. Ila iliinuliwa, ikachimbiwa mtaro wa kina kila upande, na vivuko ni vya kuhesabu. Muuza chapati wa ng'ambo, ambaye zamani nilimwita tu nikiwa mlangoni, sasa namfikia kwa kuzunguka. Wateja wake wa asubuhi wamepungua, na wanawe hawaji tena kucheza na wangu. Aliweka ubao juu ya mtaro, ukaondolewa, akauweka tena. Namuunga mkono kabisa.

Sidai kila njia iwe nyembamba kama Kikuubo kule Kampala, japo pale wachuuzi wa mikoani hulinganisha bei za maduka mawili bila kuhama waliposimama. Malori nayo yanahitaji nafasi. Wasiwasi wangu ni Bugembe, iliyoingizwa ndani ya jiji letu mwaka 2020. Maduka yamejipanga kando ya barabara kuu iendayo Kenya, na mwenye kutaka sukari ya upande wa pili husubiri matrela yapite, mtoto kamshika mkono. Huko mitaa ya ndani bado inaweza kupimwa, nyumba hazijajaa. Ipimwe sasa, iwe mifupi, yenye kona nyingi, na kila duka jipya lidaiwe baraza.