Jibu: Mshauri wa sanaa anayejitolea "bure" kwa picha aliyoiacha marehemu baba

Yaya, umeuliza kama umkubalie yule bwana anayetaka kukushauri bure kuhusu picha ya kuchorwa ya ndege yenye saini ya mchoraji Pilipili. Mimi ningemuuliza kwanza: nani anakulipa? Mshauri wa kweli hulipwa na yule anayepewa ushauri, kwa asilimia ya bei au ada mliyopatana. Akisema bure, basi huenda kuna mnunuzi anayemlipa, na huyo anataka bei ishuke.

Pilipili Mulongoy alitoka kwenye kile kikundi cha wachoraji alichokianzisha Mfaransa Romain-Desfossés hapa Lubumbashi mwaka 1946, yeye na wachoraji wenzake Bela na Mwenze Kibwanga. Kazi zao zinatafutwa Ulaya, tena tangu maonyesho makubwa ya Paris mwaka 2015 ndiyo usiseme. Kwa hiyo za kuigiza nazo zipo, na saini peke yake haitoshi. Mshauri mzuri atageuza picha aangalie mgongo kabla ya kusifu rangi. Atauliza baba aliipata wapi, kwa nani, lini. Tafuta risiti, barua, hata picha ya zamani ya sebuleni inayoionyesha ukutani. Kakaratasi kama hako kanaweza kupandisha bei kuliko fremu mpya ya dhahabu.

Na tafadhali usiipanguse kwa kitambaa chenye maji! (Shangazi yangu alifanya hivyo, rangi ikabaki kwenye kitambaa.) Ipige picha mbele na nyuma, andika vipimo, upate maoni ya watu wawili wasiofahamiana. Asiondoke nayo "kuipima" bila karatasi iliyosainiwa.