Jibu: Je, iPhone X iliuza chini ya matarajio?

Habari ndugu. Umekwama kati ya wanaosema iPhone X ilidorora sokoni na wanaosema ilileta mapato ya rekodi. Kabla ya yote, angalia kila upande unahesabu nini: simu au dola?

Mimi huanza na taarifa ya Apple ya robo ya mwaka (miezi mitatu) iliyoishia Desemba 2017, ambamo X ilianza kuuzwa. Ziliuzwa iPhone milioni 77.3, kutoka milioni 78.3 mwaka uliotangulia. Wachambuzi wengi walitarajia kama milioni 80, kwa hiyo kwa idadi hazikufika. Lakini mapato ya iPhone yalipanda kwa takriban asilimia 13, hadi dola bilioni 61.6, maana bei ya wastani ilitoka dola 695 hadi 796. Na hili ndilo watu hulipita: robo ya mwaka uliotangulia ilikuwa na wiki 14, hii ilikuwa na 13. Gawa kwa wiki uone. Idadi imepanda, haijashuka.

Ila hesabu hizo ni za iPhone zote. Apple haikutangaza ya X peke yake, hivyo anayekutajia idadi yake kamili anakupa makadirio tu, muulize ameyatoa wapi. Kwangu mimi, kwa simu iliyoanzia dola 999, ilifanya kazi yake vizuri.