Baa ikiwa msibani: tuitazame Silom

Swali lenu la wiki lilikuwa: taifa likiwa kwenye maombolezo, baa ifunge au ifungue, na je, baa za mashoga bado zina siku mbele yao? (Neno shoga nalitumia kwa maana ya siku hizi, bibi zetu wa pwani waliitana hivyo wao kwa wao, wakimaanisha urafiki tu.) Kwangu maswali hayo mawili ni moja, na mtaa unaoonyesha hivyo vizuri zaidi ni Silom, wenye baa nyingi za mashoga, Bangkok, mji mkuu wa Thailand.

Mfalme wa Thailand, Bhumibol Adulyadej, alifariki tarehe 13 Oktoba 2016, baada ya miaka 70 kwenye kiti. Bendera zilishushwa nusu mlingoti kwa siku 30, watumishi wa umma wakatakiwa kuvaa nyeusi mwaka mzima, na wananchi wakaombwa wajizuie na starehe kwa siku hizo 30. Waliombwa, hawakuamriwa, na ugumu wa mwenye baa ulianzia hapo. Amri unaisoma ukajua inaishia wapi. Ombi kila ofisa wa polisi hulitafsiri kwa kadiri ya woga wake. Sherehe ya mbalamwezi ya kisiwa cha Koh Phangan ya mwezi ule ilifutwa. Nguo nyeusi ziliadimika madukani hadi watu wakawa wanachovya za rangi kwenye mapipa.

Kufungua katika hali hiyo ni ufundi. Kupunguza sauti peke yake hakusaidii, kwa sababu kinachopenya ukutani ni besi. Zima kabisa spika za besi, kisha shusha zilizobaki mpaka watu wa meza moja wazungumze bila kupaza sauti. Taa za rangi za nje zima zote. Acha moja nyeupe mlangoni ili mteja ajue mpo. Wahudumu wavae fulana nyeusi zisizo na maandishi. Wacheza jukwaani wapumzike, na hapa usisahau kwamba wengi wao hulipwa kwa onyesho na kwa bakshishi: usipowapangia posho ya mwezi huo, utakapotaka kuwasha taa tena utakuta wameshahamia Pattaya, mji mwingine wa baa.

Mlangoni awepo mtu wa kumwambia mtalii, kabla hajaagiza, kwamba video hairuhusiwi. Hili wengi hulidharau. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai ya Thailand kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kuukashifu ufalme. Mgeni kesho anapanda ndege. Video ya watu wanaoruka chini ya picha ya marehemu inabaki, na jina la baa yako limo ndani.

Kosa jingine ni kushusha bei ili kuvuta watu. Tuseme pango, mishahara na umeme ni baht (sarafu ya Thailand) 300,000 kwa mwezi, na bia unayoinunua kwa 60 unaiuza 150. Kila chupa inakuachia 90, hivyo unahitaji kuuza takriban 3,334 kwa mwezi, kama 111 kwa usiku. Shusha bei hadi 100, chupa inakuachia 40, na sasa unahitaji 7,500, yaani 250 kwa usiku, katika mwezi ambao watu wamekaa nyumbani. Afadhali ufungue siku nne kwa wiki kwa bei ileile.

Sasa tazama Silom yenyewe. Soi 4 ni kichochoro cha meza za nje, watu wanakaa, wanatazamana, wanapiga soga. Soi 2, iliko klabu ya DJ Station, ni ya kucheza na maonyesho. Zima muziki: ya kwanza imepungukiwa, ya pili haina cha kuuza. Tofauti hiyo ilirudi na uviko, baa zilipofungwa Machi 2020, na masharti ya mwisho hayakuondoka hadi Juni 2022.

Hata hivyo, msiba na ugonjwa si vya kulaumiwa kwa kila kitu. Soi Pratuchai, kichochoro cha baa za wacheza jukwaani ambacho wageni walikiita Twilight, kilikwisha kufikia 2019 kwa sababu mwenye ardhi alitaka kujenga. Baa zikahamia upande wa Patpong, mtaa wa jirani. London ni hivyohivyo: watafiti wa UCL, chuo kikuu cha huko, walihesabu kumbi 125 za jamii hii mwaka 2006, na kufikia mwaka 2017 zilibaki 53. Wengi hukimbilia kulaumu programu za simu. Zina mchango wake, maana Grindr, programu ya mashoga kutafutana, ilikuja 2009 na kumpata mtu hakuhitaji tena kaunta. Lakini programu haiongezi pango. Mwenye jengo ndiye anayeongeza.

Ndoa nazo zimebadilisha mambo. Tangu 23 Januari 2025 watu wa jinsia moja wanaoana kisheria Thailand, na wanaoweza kushikana mikono kwenye mgahawa wowote hawahitaji mlango wa siri. Baa itakayowapata ni ile wanayoipenda, si ile wanayojifichia. Matamasha makubwa ya dansi ya Songkran (mwaka mpya wa Kithai, mwezi Aprili) kama gCircuit hayalipi pango la mwaka, ni kweli, lakini msiba ukiangukia wiki hiyo waandaaji wanapoteza msimu mzima kwa siku tatu.

Malkia Sirikit alipofariki tarehe 24 Oktoba 2025, wananchi waliombwa wavae nyeusi siku 90, lakini burudani haikupigwa marufuku. Waandaaji walitakiwa kupunguza shamrashamra. Kwa hiyo anayefungua baa Silom leo aombe jambo moja kabla ya kuweka sahihi: kipengele kwenye mkataba wa pango kinachopunguza pango hilo kwa nusu siku zote ambazo serikali imeagiza, au imeomba, starehe zisitishwe. Neno "imeomba" liandikwe humo.