Kumwaga zege kwenye baridi ya Kapchorwa

Ufundi nilijifunzia Mbale, ambako zege ukilimwaga leo mchana, kesho asubuhi unang'oa mbao za pembeni zilizolishikilia bila wasiwasi. Nilipopata kazi yangu ya kwanza huko juu Kapchorwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, Uganda, mwezi wa Julai, nilipanda na hesabu hiyohiyo kichwani.

Ilikuwa linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, ya nyumba ya mwalimu mmoja. Kokoto zilichelewa, tukaanza kumwaga saa kumi jioni, ukungu unashuka. Asubuhi nikagonga ubao wa kwanza, ukatoka na kona ya linta. Nikajaribu msumari, ukazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Mwalimu alisema neno moja tu: "Feki." Nami nikateremka dukani kugombana na muuza simenti mbele ya wateja wake.

Jioni mpishi wetu akaniita. Jana yake vibarua walikuwa wamebwaga karai la zege lililobaki kando ya mafiga yake, sasa anataka liondolewe. Nikapiga nyundo, likalia kama jiwe. Mfuko uleule, mchanga uleule, ila hili lililala karibu na moto. Nilirudi dukani kuomba radhi. Alinisamehe, ingawa mkopo hakunipa tena.

Simenti ikishakutana na maji hutoa joto yenyewe inapokaza, na baridi huipunguzia mwendo. Katika nyuzi 10 zege hukaza kwa karibu nusu ya kasi ya nyuzi 20. Chini ya nyuzi 5 hujikokota kabisa. Baridi yetu haigandishi maji, kwa hiyo zege linachelewa tu. Fundi mwenye haraka ndiye huliharibu.

Siku hizi naanza saa tatu asubuhi ili lipate joto la mchana kutwa. Kukiwa na baridi kali tunapasha maji, yawe ya kuogea tu, tunayatia kwanza kwenye mchanga na kokoto, simenti inafuata. Ukiimwagia simenti maji yanayochemka, itashika kabla karai halijafika juu. Mfuko uwe wa simenti ya daraja la nguvu 42.5, ule wa 32.5 mimi nauacha kwa plasta.

Maji nayabana. Vibarua wanapenda zege la uji kwa kuwa halichoshi mkono, lakini kwenye baridi maji ya ziada hukaa juu ya sakafu saa nyingi. Yasubiri yakauke. Ukinyunyiza simenti kavu kuyafyonza, umetengeneza ganda litakalobanduka. Na atakayekwambia utie chumvi ili likaze upesi, mwambie chumvi inakula nondo.

Usiku nafunika kwa kavera, yaani karatasi ya plastiki, juu yake nyasi kavu au majani makavu ya mgomba, na mawe pembeni upepo usifunue. Gunia bichi usiku hapana, linapoza. Kumwagilia ni mchana, siku 10 hivi.

Mbao za pembeni nazipa siku 3, na sitoi mpaka msumari ukwaruze tu bila kuzama. Mirunda, zile nguzo za kuegemeza chini ya linta, inakaa wiki mbili. Ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, siku 28, hata mwenye nyumba akipiga simu kila asubuhi. Hupiga kwa sababu mirunda ni ya kukodi, kwa hiyo siku zote 28 ziandike kwenye hesabu kabla hamjapatana bei.