Jina la mdogo wangu limetoweka kwenye orodha ya jela. Je, ameachiwa?

SWALI: Mdogo wangu anaendesha lori. Ijumaa usiku alinipigia akasema askari wamemsimamisha kwenye kaunti ndogo huku mashariki mwa Kentucky, kisha simu ikakatika. Niliandika jina lake kwenye tovuti ya kaunti hiyo, sikuona kitu. Jumamosi rafiki yake akamwona kwenye ukurasa wa jela ya kaunti nyingine kabisa. Leo Jumatatu jina halipo tena na simu yake haipatikani. Je, ameachiwa? Na nitapata wapi karatasi ya kuonyesha aliingia lini na kutoka lini? Tuna makaratasi ya ukazi, sote tulizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania. (Msomaji, Lexington)

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: jina kutoweka kwenye orodha si ushahidi kwamba mtu ameachiwa. Orodha hizo za mtandaoni huonyesha waliomo ndani saa ile tu. Akitoka kwa dhamana, jina linafutika. Akihamishiwa jela ya jirani, linafutika. Akichukuliwa na maofisa wa serikali kuu au wa uhamiaji, linafutika vilevile. Nimefanya kazi na mawakili wa familia zetu hapa Kentucky kwa muda mrefu, na naona ndugu wanavyopumua kwa furaha mapema, wanaacha kutafuta, kumbe mtu wao yuko kaunti ya tatu akisubiri simu.

Kwanza, kwa nini hukumwona ulipotafuta mara ya kwanza. Kentucky ina kaunti 120, na makumi kati ya hizo hazina jela. Mtu akikamatwa Magoffin au Martin, kwa mfano, hupelekwa Big Sandy Regional Detention Center, iliyoko Paintsville, kaunti ya Johnson. Wa Knott hupelekwa Hazard, kaunti ya Perry. Usishtuke kuona jina la "Detention Center". Jela nyingi za kaunti hapa zinaitwa hivyo, na jina hilo peke yake halimaanishi kwamba ni mambo ya uhamiaji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa simu si "mdogo wangu yuko wapi?" bali "watu wanaokamatwa kaunti hii mnawapeleka jela gani?" Swali hilo linajibiwa na yeyote, hata karani asiyetaka kuzungumzia kesi ya mtu.

Wapigie jela yenyewe, si sherifu. Katika majimbo mengi ya Marekani sherifu ndiye mwenye jela, lakini Kentucky wananchi humchagua mkuu wa jela kwa kura yake mwenyewe, na kumbukumbu za kuingia na kutoka ziko jela. Sherifu anaweza kukuambia kwa ukweli kabisa kwamba hana habari. Jela haifungwi usiku wala Jumapili, kwa hiyo piga saa yoyote. Uliza kama yumo, aliingizwa saa ngapi, mashtaka gani, dhamana kiasi gani, na kama ametoka: alitoka saa ngapi, na je, alitoka huru au alikabidhiwa kwa ofisi nyingine? Swali hilo la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo lenye jibu lako.

Kuhusu jina. Askari ameandika alichokiona kwenye leseni, au alichokisikia. Watu wetu wenye majina matatu hujikuta jina la babu limekuwa la ukoo, na Byamungu anageuka Biamungu. Kwenye kisanduku cha kutafutia usiandike jina zima. Andika herufi tatu za mwanzo za kila moja ya majina yake, kwa zamu, kisha tazama umri. Tarehe ya kuzaliwa isikutoshe peke yake, kwa sababu wakimbizi wengi waliandikwa kwamba walizaliwa Januari mosi, na nimeona ndugu wawili wa nyumba moja wenye tarehe ile ile. Kama aliye ndani hajafikisha miaka 18, hutamwona kwenye orodha ya umma kabisa. Hapo piga simu mahakamani.

Sasa namna ya kujua alikokwenda. Tumia VINE, mfumo wa kufuatilia mahabusu, bure, kwa mtandao au kwa simu. Mfumo huu ulizaliwa hapa hapa Kentucky. Desemba 1993, Mary Byron, msichana wa Louisville, aliuawa siku ya kutimiza miaka 21 na mwanamume aliyekuwa amefungwa kwa kumdhuru, akaachiwa kwa dhamana bila yeye kuambiwa. Mwaka uliofuata mji ule ulianza kuwapigia simu watu mahabusu anapotoka, na leo mfumo huo unatumika karibu nchi nzima. Ulitengenezwa kwa ajili ya waliodhurika, lakini hata ndugu anaweza kujiandikisha. Utaonyesha kama mtu yumo, ameachiwa au amehamishwa, na ukijiandikisha utapata ujumbe hali yake ikibadilika. Jiandikishe leo, hata kabla hujampata.

Kama VINE inasema amehamishwa, tazama KOOL, orodha ya idara ya magereza ya jimbo. Wafungwa wengi wa jimbo hulala kwenye jela za kaunti, kwa hiyo usidhani jela ya kaunti ni ya waliokamatwa jana tu. Ingawa, kwa mtu wa siku tatu asiyekuwa na kifungo cha zamani, sitegemei umkute huko.

Kwa upande wa uhamiaji, ICE, idara ya serikali kuu inayokamata na kushikilia watu wa uhamiaji, ina ukurasa wake wa kutafutia watu. Ukiwa na namba yake ya A, ile yenye tarakimu tisa kwenye kadi ya ukazi, itumie pamoja na nchi aliyozaliwa. Ukitumia jina, lazima liwe kama lilivyo kwenye makaratasi yao, herufi kwa herufi. Na hapa familia za Nyarugusu huteleza sana: wanachagua Kongo kwa sababu sisi ni Wakongo, mfumo unasema hayupo. Mfumo haukuulizi uraia, unauliza nchi ya kuzaliwa. Aliyezaliwa kambini ameandikwa Tanzania kwenye faili, au wakati mwingine Kongo kwa kosa la aliyejaza fomu. Jaribu zote mbili. Asipoonekana leo, rudia kesho, maana taarifa huchelewa.

Ukipokea simu usiyoijua, ipokee. Kentucky kuna maofisa wa mahakama wanaozungumza na mtu baada ya kukamatwa ili hakimu aamue kuhusu dhamana, na huwapigia ndugu kuthibitisha anapoishi na anapofanya kazi. Jibu lako linaweza kumsaidia kutoka. Lakini afisa huyo hakuombi fedha. Anayesema "nilipe asilimia 10 nimtoe" ni mwizi, kwani biashara ya kuweka dhamana kwa malipo ilipigwa marufuku Kentucky mwaka 1976. Dhamana hulipwa mahakamani kwa karani, au jela yenyewe, na unapewa risiti. Hakuna ofisi ya serikali inayopokea dhamana kwa kadi za zawadi za dukani. Vivyo hivyo kurasa za kibinafsi zinazokusanya picha za waliokamatwa: zimenakili orodha za jela, hazisahihishwi mashtaka yakifutwa, usizitegemee na usiwalipe.

Akikupigia kutoka ndani, msizungumzie kilichotokea barabarani. Simu zinarekodiwa. Muulize yuko jela gani, kesi lini, amepewa wakili au bado. Wakili wa serikali yupo kwa asiye na uwezo, na mkalimani wa Kiswahili mahakamani halipiwi na familia. Asikubali kosa ili tu atoke haraka. José Padilla, dereva wa lori mwenye ukazi wa kudumu, alikamatwa Kentucky na bangi kwenye gari, akakiri kosa baada ya wakili wake kumwambia asihofu uhamiaji. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Mdogo wako ana haki ya kuelezwa hilo na wakili wake kabla ya kukiri kosa mbele ya hakimu.

Kuhusu karatasi uliyoomba. Andika ombi kwa jela chini ya sheria ya kumbukumbu za umma ya Kentucky: jina lake kwa tahajia zote, tarehe ya kuzaliwa, siku ulizozitaja, na sema unataka fomu ya kuandikishwa na rekodi ya kuachiwa. Eleza kwamba wewe ni mkazi wa Kentucky, kwa sababu tangu 2021 wasio wakazi wanaweza kukataliwa. Usimwachie binamu wa Ohio kazi hii. Jela ina siku tano za kazi za kukujibu. Ikikataa sehemu fulani, lazima itaje kifungu cha sheria.

Ila karatasi ya jela inaonyesha tu askari alimshtaki kwa nini usiku ule. Kesi ilivyoisha iko kwa karani wa mahakama, yule anayeitwa Circuit Court Clerk, wa kaunti alikokamatwa, si ya jela alikolala. Kesi ikishamalizika, omba kwake nakala yenye mhuri ya uamuzi, hata kama mashtaka yatafutwa yote. Siku mdogo wako atakapoomba uraia, fomu itamuuliza kama aliwahi kukamatwa, na mhuri huo ndio watakaoutaka. Omba nakala mbili.