Korongo anadaka samaki, mimi napata maji tu. Shida ni lenzi?

SWALI: Habari mkuu. Mimi niko Rongai, wikendi naingia Nairobi National Park na gari ya rafiki, tunapaki pale Hyena Dam. Nina Canon ya kawaida na lenzi ya 70-300. Korongo akidaka kitu, picha inatoka na ukungu ama napata tu maji yameruka na yeye ashamaliza. Naweka shata 1/500 ya sekunde na ISO 400 (wepesi wa kamera kwa mwanga) manake naogopa chenga, zile nukta nukta kwa picha. Ninunue lenzi kubwa?

JIBU: Weka pesa yako kwanza ndugu yangu, hiyo lenzi inatosha. Kinachokuangusha ni 1/500, hiyo ni ya korongo amesimama. Akirusha mdomo unataka 1/2000 hivi, na asubuhi mwanga ukiwa bado kidogo ISO itapanda hadi 1600 ama 3200, wacha ipande. Chenga zinapunguzwa kwa kompyuta, ukungu wa mwendo hautoki.

Alafu kuna hii ya kungoja uone amedaka ndio ubonyeze. Hapo umechelewa tayari, kidole chako hakiwezi shindana na ile shingo. Angalia shingo yenyewe: akitembea polepole kichwa kikiwa juu bado anatafuta, pumzisha mkono. Akisimama kabisa, aanze kuikunja shingo kama S, kichwa akiyumbishe kidogo huku na huku na mdomo uelekee mahali pamoja, hapo anapima samaki, hapo ndio unaanza kufyatua mfululizo na usiachilie hata akishatoa mdomo majini, manake bado atamgeuza samaki ammeze kichwa kwanza na mara nyingi hiyo ndio picha tamu kuliko ile ya kudaka.

Fokasi weka AI Servo, ile inayofuata kitu kikisonga, pointi kwa jicho. Na mwambie dereva apaki korongo awe ubavu kwako, si akikutazama, kwa sababu akiwa ubavu kichwa kinaenda mbele lakini umbali kutoka kwa lenzi haubadiliki sana, fokasi inabaki. Mwachie nafasi mbele ya mdomo pia, ile shingo ikinyooka inatoka nje ya fremu hivi hivi. Injini mzime, lenzi ilale kwa kifuko cha maharagwe hapo dirishani.

Mazoezi fanyia yangeyange wanaofuata ng'ombe, hao wamejaa huko Rongai, ila kwa sababu ni weupe punguza eksposha kama stopu moja, yaani mwanga nusu, la sivyo manyoya yanaungua, yanabaki meupe tupu.

Kamera ikigoma katikati ya mfululizo, jaribu JPEG, faili ndogo, badala ya RAW ambayo ni kubwa, hizi za kawaida bafa yake (pale picha zinangojea kuandikwa kwa kadi) inajaa haraka. Na ukinitumia zingine nataka faili yenyewe, sio picha imepita WhatsApp, inabanwa mpaka siwezi jua kama shida ni fokasi ama ni mkono.