Mtoto hangoji, tangi lingoje

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi hatujambo. Baba yako mguu umepona na jioni ameanza tena kutembea hadi Dunga kuwaangalia wavuvi wakirudi. Barua yako nimeisoma, nikairudia usiku nyumba ilipotulia. Unaniuliza mambo mawili. Kwanza, je, uliuze lile tangi la maji ya bahari, la samaki na matumbawe, ulilonunua kwa bwana aliyehama Nakuru, maadamu mtoto wa pili amezaliwa na kazi haikupi nafasi hata ya kunyoa ndevu? Pili, mimi niliwezaje kuwalea ninyi, kufundisha shule, na bado matumbawe yakakaa sebuleni miaka yote ile?

Usiliuze lote, lakini usiendelee nalo jinsi lilivyo. Tangi hilo haliwezi kungoja, na mtoto mchanga naye hawezi kungoja. Ukivitia nyumba moja, kila jioni utachagua nani alie. Mtoto huwezi kumbadilisha. Tangi unaweza. Lifanye liwe tangi ambalo ukilisahau siku nne halikudai kitu. Mimi sikuwa na muda zaidi kuliko wewe, nilikuwa na tangi la aina nyingine, na tofauti hiyo ndiyo siri yote.

Tazama ulicho nacho. Lita 400, na zaidi ya nusu ya matumbawe ni yale magumu ya matawi, Acropora. Hayo ni mazuri mno, sikatai, lakini ni ya mtu mwenye jioni tupu. Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati linayoitoa majini, mchana na usiku. Baharini hazina hiyo haiishi. Ndani ya kioo huisha, na usipoirudisha kila siku kwa kipimo, ugumu wa maji, yaani kile kipimo cha kabonati (dKH), huporomoka. Ukitoka 9 ukafika 6 kwa siku chache, utaona ngozi inaambuka kuanzia chini ya tawi na kupanda, na mfupa mweupe unabaki nyuma yake. Ndiyo sababu umeniandikia kwamba unapima maji saa sita usiku huku mkeo anambembeleza mtoto peke yake. Hukosi bidii, mwanangu. Umechukua kiumbe anayehitaji mlezi wa kila siku wakati una watoto wawili wanaohitaji mlezi wa kila siku.

Basi Acropora zote mpe au muuzie mtu mwenye nafasi. Na yule kangaja pia, maana ni samaki wa kuogelea masafa marefu na hata lita 400 anaziona finyu. Usimwachilie mtoni wala ziwani kwa kumhurumia, atakufa. Wala usimpeleke baharini, hujui atabeba ugonjwa gani. Kisha shuka hadi lita 150 hivi. Chini ya hapo sikushauri, kwa sababu maji machache hubadilika haraka: joto hupanda na kushuka, chumvi nayo vivyo hivyo. Lita 150 ni maji ya kutosha kusamehe uzembe wa siku mbili, na ni machache kiasi kwamba asilimia 10 ya kubadilisha kila wiki ni lita 15 tu. Hizo haziujazi hata mtungi wa lita 20. Unachanganya chumvi jioni ya Ijumaa, kama gramu 35 kwa kila lita, unaacha pampu ndogo iikoroge usiku kucha, na asubuhi ya Jumamosi kazi yenyewe haichukui saa nzima.

Ndani yake weka matumbawe laini. Yale ya ngozi, ya uyoga, na lile la matawi malegevu ambalo wafugaji wa nchi za nje huliita mti wa Kenya. Hayana mifupa mikubwa ya kujenga, kwa hiyo chumvi mpya ya kila wiki inayatosha na huna haja ya kuyatilia kalsiamu na kabonati kila siku. Yanapenda hata maji yasiyo safi kupita kiasi. Ukae mbele ya kioo robo saa baada ya taa kuwaka uone tumbawe la ngozi linavyofungua vikono vyake, kimoja baada ya kingine, hadi jiwe lililokuwa kipara lote linapepea. Tumbawe rahisi halina uzuri pungufu, ila halina bei ya kujivunia.

Nakuomba uyaache kabisa yale ya vifungo, zoanthi, hadi watoto wakue. Mengine hubeba sumu kali iitwayo palitoksini. Watu wamelazwa hospitalini kwa kuchemsha jiwe lake au kulisugua bila glavu. Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa sioni sababu ya kuwa nayo. Na ukinunua tumbawe lolote, nunua kwa muuzaji mwenye kibali, lililokuzwa kutokana na vipande. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kutoa chochote katika hifadhi kama Malindi, Watamu au Kisite ni kuvunja sheria. Hili silisemi kwa ajili ya sheria tu. Likizo ya Aprili mwaka 1998 nilikuwa nyumbani Mombasa, bahari ilikuwa imepashwa na El Niño, na wakati wa bamvua maji yalipokupwa nilitembea na shangazi yako hadi mwambani. Mahali tulipochezea utotoni palikuwa peupe. Unajua tumbawe ni mnyama, na ndani ya ngozi yake mnaishi mwani mdogo sana unaomlisha kwa nguvu za jua na kumpa rangi. Joto likizidi mnyama humtoa mwani wake, na joto likiendelea hufa kwa njaa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa mwaka ule. Tangu hapo sijaweza kumwona mtu akikata tawi baharini kwa ajili ya pambo nikanyamaza.

Sasa kuna mambo ya Nakuru ambayo mimi hapa Kisumu sikuyapata, na nadhani yule bwana aliyekuuzia hakukueleza. Hapa adui wangu ni joto. Huweka feni ndogo juu ya maji, yakavukiza, yakapoa. Huko kwenu mko mita 1,850 hivi juu ya bahari, usiku ni baridi, na adui wako ni hita iliyozimika. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikifa, nyingine itazuia maji yasipoe ghafla, na moja iking'ang'ania kuwaka haitakuwa na nguvu ya kuwapika. Lenga nyuzi 25 au 26. Tena hewa yenu ni nyepesi. Kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi kilekile. Samaki ambao Mombasa wangetosha watano, huko weka watatu au wanne, na pampu ya mawimbi ielekee juu ili uso wa maji uvurugike wakati wote.

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile inayowatia watoto meno ya kahawia. Ya bomba yana klorini. Usitie hata moja tangini kabla hayajapita kwenye mashine ya kuchuja ya utando. Kama huwezi kuinunua sasa, vile vibanda vya kujaza maji mitungini vinayo, lakini uliza kama wanarudisha madini baada ya kuchuja, kisha pima mwenyewe. Kipima madini kisome sifuri au karibu yake.

Kitu kimoja usikifanyie ubahili: mtambo wa kujaza maji yanayovukiza. Watu hudhani kazi kubwa ni kubadilisha maji, kumbe kinachomfunga mtu nyumbani ni uvukizi. Maji huenda, chumvi hubaki. Tangi la lita 150 likipoteza lita 10, chumvi ya 35 kwa elfu inakuwa 37.5, na hapo tumbawe limeshajifunga. Mtambo wenyewe ni boya na pampu ndogo inayovuta maji yasiyo na chumvi kutoka mtungi wa pembeni. Mtungi wa lita 20 utakupeleka zaidi ya wiki ikiwa unapoteza lita mbili kwa siku. Usiweke pipa kubwa kwa tamaa, kwa kuwa boya likikwama, pipa zima litamwagika tangini. Ukishakuwa na mtambo huo, unaweza kuja Kisumu na familia tangu Ijumaa hadi Jumatatu bila kumpigia jirani simu.

Stima najua itapotea, hilo halina mjadala. Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima. Nunua pampu ya hewa inayowaka yenyewe kwa betri stima inapokatika, maana kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, baridi huja baadaye. Usiwalishe samaki hadi stima irudi. Usiku funika kioo kwa blanketi zito. Taa zisikusumbue, tumbawe hukaa gizani siku moja bila madhara. Na nyaya zote zining'inie chini ya soketi kwanza ndipo zipande kuingia, ili tone la maji lianguke sakafuni kabla ya kufika kwenye umeme. Hakikisha hata meza ya tangi imefungwa ukutani. Lita 150 pamoja na mawe na kioo ni karibu kilo 200, na mjukuu wangu mkubwa ameshaanza kupanda kila kitu.

Nije kwa mke wako. Umeandika kwamba hapendi samaki. Mimi nimekaa naye jikoni, nikamsikia anavyomweleza mtoto ni samaki yupi anayelala ndani ya ua. Anawapenda. Kinachomuumiza ni kukuita na kuambiwa ngoja, mkono uko majini hadi begani. Na ni kuona kifurushi kimefika mlangoni ambacho hakukisikia kikitajwa. Kwa hiyo gharama za tangi ziandikwe katika daftari lilelile la karo na unga, zisomwe na nyote wawili mwanzo wa mwezi. Ikiwa mwezi huo hakuna cha tangi, basi hakuna. Matumbawe laini yatangoja.

Jumamosi yako iwe ile saa moja tu, mtoto akiwa usingizini, na ikiwa siku hiyo ameugua au mmepata wageni, saa hiyo imepita, usiifidie usiku. Ngoja Jumamosi nyingine. Lita 15 zilizochelewa wiki moja hazimuui mtu. Tangi lako la sasa linakuogopesha ndiyo maana unalikimbilia. Hili jipya utalizoea kuliacha.

Taa zipangie ziwake saa nane mchana zizime saa nne usiku. Watu wengi huwasha asubuhi, wakirudi nyumbani bahari imeshalala na wao wamelipia stima kuangazia nyumba tupu. Tumbawe halijali saa za ukutani, linataka tu masaa yake manane. Na chakula cha samaki kipime Jumapili, kitie katika kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba. Kila siku mjukuu wangu afungue chumba kimoja, amimine chote, basi. Ninyi mlipokuwa wadogo mlifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuwalisha mara mbili, kwa sababu chumba kikiwa wazi kila mtu anaona leo wameshakula. Mtoto wa miaka minne anaiweza kazi hiyo, na inampa haki ya kusema ni tangi letu.

Sitaki udhani ninayasema haya kwa sababu ni rahisi kwangu kusema. Huyo mdogo atatambaa, atasimama, atakwenda shule, na hukumu itakuwa kama ulikuwepo. Ikitokea hata lita 150 ni nyingi mwaka huu, waondoe samaki wote, ubakishe mawe na matumbawe mawili, uzungushe maji tu. Bakteria wanaokula amonia watadumu mawe yakiwa majini na wakipata chembe ya chakula mara mojamoja, na siku nafasi ikirudi hutaanza tena zile wiki nne hadi sita za kungoja tangi liive.

Usihamishe chochote peke yako. Shule zikifungwa Agosti nitakuja nikae na wajukuu, na mke wako alale mchana kama anavyotaka. Wewe tafuta ndoo safi, zisizowahi kuwekwa sabuni, za kutosha lita 150 za maji yenu ya zamani. Mawe yatahama yakiwa ndani ya maji hayohayo bila kukauka. Mchanga wa zamani utupe, ukiuvuruga utatoa uchafu wa miaka na kuwapandishia samaki amonia siku ya kwanza. Kwa sasa nitumie picha ya kila tumbawe na kipimo cha chumvi na joto cha asubuhi na cha usiku, nikuambie lipi libaki na lipi litafutiwe mwenyewe. Na mweleze mke wako umeniuliza nini na nimekujibu nini, asome mwenyewe akitaka.

Mama yako